Gari la Kifahari la Zamani Halipandi Mlima? Hesabu Meno ya Difu Kabla ya Kugusa Injini

Mwaka 1912 Mwingereza James Radley alipeleka Rolls-Royce yake, Silver Ghost, kwenye mashindano ya milima ya Alps huko Austria. Ilikuwa gari ya silinda sita, lita 7.4. Mwaka mmoja kabla yake kiwanda kilikuwa kimetoa gari la aina hiyohiyo London hadi Edinburgh na kurudi kwa topu (gia ya juu kabisa) peke yake, na Uingereza nzima ikaamini kwamba gari hili halishindwi na mlima. Lilipofika Katschberg, likagoma. Hakuna kilichovunjika wala kilichoungua. Gia ya kwanza ilikuwa ndefu mno kwa mlima ule, yaani haikuzidisha vya kutosha nguvu ya injini, na gari halikusogea mpaka abiria waliposhuka.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kosa lenyewe linaendelea hadi leo, ila sasa tunalilaumu mahali pasipo pake. Mwenye gari anasema "halina nguvu", fundi anafikiria pistoni, valvu, magneti, kabureta. Injini inafunguliwa. Na kwa Silver Ghost hilo si jambo dogo, maana haina silinda hedi ya kufungua: silinda zimemiminwa kwa mafungu mawili, tatu na tatu, hedi na bloku vikiwa kitu kimoja. Ukiinua fungu moja la chuma chenye umri wa zaidi ya miaka 100 bila sababu, unaweza kuzua ufa ambao haukuwepo. Ndiyo maana nasema tuanzie nyuma, kwenye difu, yaani gia za mwisho zilizo kwenye ekseli ya nyuma. Kuipima hakugharimu chochote.

Magari haya yaliuzwa chasisi tupu. Mteja alichagua mtengeneza bodi wake, Barker au Hooper kwa mfano, na kiwanda kikapanga difu kulingana na uzito wa bodi na mahali gari litakapotembea. Lililokwenda kwa mtawala wa India mwenye nyumba ya kiangazi Shimla, mita kama 2,200 juu ya bahari, halikuhitaji difu ileile ya gari la kumpeleka bwana operani mjini London. Kwa Silver Ghost za baadaye na Phantom ya kwanza, modeli iliyoifuata, utakutana na kraunwili (gia kubwa ya difu) ya meno 52 inayozungushwa na pinieni (gia ndogo) ya meno 16, 15 au 14. Yaani 3.25, 3.47 au 3.71 kwa moja. Madereva wa malori wangesema ya 16 ni difu ya spidi, yaani ndefu, na ya 14 ni difu ya mzigo, yaani fupi, na hilo ndilo jina zuri kuliko lugha zote za vitabuni.

Tangu hapo gari limebadili wenyewe, bodi, tairi, na mara nyingi nchi. Difu ama imebaki ileile ya mwanzo, ama mtu aliibadili bila kuandika popote.

Pima kwanza

Huhitaji kufungua kifuniko cha difu. Chomoa plagi zote, zima magneti. Inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, weka stendi imara chini ya ekseli. La pili libaki chini, likazwe kwa kabari mbele na nyuma, na magurudumu ya mbele vilevile. Achia hendibreki, maana inashika magurudumu hayohayo ya nyuma. Ingiza topu, ambayo kwa magari mengi haya ni gia ya moja kwa moja: shafti ya propela inazunguka sawa na injini. (Silver Ghost za mwanzo kabisa, zenye gia nne kabla ya 1909, ni tofauti: ya moja kwa moja ni ya tatu, ya nne ni ya kukimbilia tu. Hapo tumia ya tatu.) Weka alama ya chaki kwenye tairi lililoinuliwa na nyingine kwenye bawa la tope.

Sasa mtu mmoja azungushe injini kwa hendeli, taratibu, raundi 26 kamili. Wewe hesabu raundi za gurudumu. Likizunguka mara 15, pinieni ina meno 15. Likizunguka 14, ina meno 14. Linaonekana kama muujiza lakini ni hesabu ya kawaida: gurudumu moja likishikwa, lile lingine huzunguka mara mbili kwa kila raundi ya kraunwili, na 26 ni nusu ya 52. Kwa Phantom II, ambayo kraunwili yake ina meno 41, zungusha hendeli mara 41. Gurudumu likizunguka 22 una pinieni ya 11, yaani 3.73, difu ya kawaida. Likizunguka 24 una ya 12, yaani 3.42, ile iliyowekwa kwenye Phantom II Continental kwa ajili ya barabara ndefu za Ulaya. Usikubali "karibu 15". Chaki inatakiwa irudi palepale. Isiporudi, umekosea kuhesabu, au klachi inateleza, au kraunwili si ya meno unayodhani.

Kisha pima tairi, kwa sababu tairi nayo ni gia. Silver Ghost nyingi zilivaa tairi la kipenyo cha milimita 895. Mtu akikuwekea tairi la inchi 33, kipenyo ni milimita 838, na difu yako ya 3.47 inatenda kazi kama 3.70. Umepata difu ya mzigo bila kugusa hata jino moja. Nimeona watu wakibishana usiku kucha kuhusu pinieni ilhali tofauti yote iko kwenye raba.

Kwa tairi la 895, hesabu zangu zinatoa hivi: kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, pinieni ya 16 inakupa takriban kilomita 52 kwa saa, ya 15 inakupa 49, ya 14 inakupa 45. Ziandike ukutani gereji.

Linapanda kwa kukata pumzi

Tenganisha mambo mawili kabla ya yote: je, linashindwa kwenye topu, au linashindwa hata kwenye gia ya kwanza?

Likishindwa kwenye topu tu, na ukirudisha gia moja linapanda vizuri, gari huenda halina ugonjwa. Enzi hizo fahari ilikuwa kutobadili gia. Giaboksi hazikuwa na sinkro (kifaa cha kulainisha uingiaji wa gia), dereva asiye na mkono mwepesi aligonga meno, na bibi aliyekaa nyuma alisikia kila kitu. Ndiyo maana kiwanda kiliuza sifa ya kwenda kila mahali kwa topu. Sifa hiyo ilijengwa kwenye barabara za Uingereza. Ukiipeleka gari hiyo milimani na kung'ang'ania topu, unalidai kitu lisichoahidi.

Likishindwa kwenye gia ya kwanza, hapo ndipo pa kukaa na kufikiri, na Katschberg inatufundisha. Kinachopandisha gari si difu peke yake bali difu ikizidishwa na gia. Silver Ghost ya wakati wa Radley ilikuwa na gia tatu tangu kiwanda kilipoacha zile nne mwaka 1909, na pengo lilikuwa chini kabisa, si juu. Kiwanda hakikujibu kwa kubandika difu fupi. Kilirudi Alps mwaka 1913 na giaboksi ya gia nne yenye gia ya kwanza fupi na kabureta kubwa zaidi, na yale magari yakatawala milima ileile. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa gari ambalo watu waliliita Alpine Eagle. Mainjinia wale walielewa kwamba ukifupisha difu ili uokoe gia ya kwanza, umeharibu topu siku zote, hata siku usiyopanda mlima.

Kwa hiyo kama gari lako lina gia tatu na linakwama kwenye vilima vikali tu, usinunue pinieni. Punguza mzigo, au kubali kwamba kuna barabara si zake. Kama lina gia nne na bado linakwama, angalia mengine: klachi inayoteleza (harufu ya kuungua, injini inapanda kasi bila gari kusogea), breki zinazoshika, na baadaye ndipo nguvu ya injini.

Halafu kuna hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Shimla, au Ooty kule kusini mwa India, imeshapoteza zaidi ya asilimia 20. Linganisha na difu: kutoka pinieni ya 16 hadi ya 14 unapata mvuto wa asilimia 14 tu. Hakuna difu katika orodha hiyo inayofidia hewa ya Shimla peke yake. Nairobi tuko mita kama 1,700, na ukipanda Limuru unazidi 2,200, kwa hiyo mwenye gari la namna hii Kenya anaishi na hesabu ileile ya watawala wa India. Lakini kabla ya kulia na difu, shika usukani: Silver Ghost ina mikono ya kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa, na ya kuwahisha au kuchelewesha cheche. Juu milimani mchanganyiko unakuwa mzito. Ufanye mwepesi kidogo, wahisha cheche kidogo mpaka injini ianze kugonga kisha rudisha nyuma, ujaribu tena kilima kilekile. Mara ngapi "gari bovu" limepona kwa kusogeza mkono huo kwa upana wa kidole.

Linachemsha

Hili linahusishwa na difu mara chache, na linastahili zaidi. Difu ndefu kwenye mlima huifanya injini izunguke polepole huku imebeba mzigo kamili. Feni na pampu ya maji vinazungushwa na injini hiyohiyo, basi navyo vinalegea pale pale joto linapozidi. Ukishuka gia moja, injini inazunguka haraka, feni inavuta, maji yanatembea, na joto linashuka ingawa gari linapanda kwa mwendo uleule.

Hapo ndipo jaribio lilipo. Panda kilima kwa topu mpaka mvuke uanze kuonekana, siku nyingine panda kilekile kwa gia ya chini kwa mwendo uleule. Likipoa, tatizo ni difu na namna ya kuendesha. Lisipopoa, rejeta imeziba au cheche imechelewa mno. Dereva mwoga huacha mkono wa cheche nyuma siku nzima akiogopa hendeli isimrudie mkononi asubuhi, na cheche iliyochelewa hupika injini kuliko kilima chochote.

Niliwahi kuitiwa gari kubwa la Uingereza la miaka ya 1930 ambalo gereji moja ilikuwa imelifungua hedi mara tatu. Gasketi mpya, rejeta mpya, bado linachemsha njia ya Limuru. Tulilala chini ya gari na chaki kwa nusu saa. Difu haikuwa ya gari lile kama lilivyotoka kiwandani: mwenyewe wa awali, huko Ulaya, alikuwa ameweka ya spidi ili akimbie barabara kuu. Kwake ilikuwa sahihi kabisa. Kwa huyu mzee ilikuwa inamla injini kidogo kidogo. Tulimwambia apande kwa gia ya tatu, na akapanda.

Linapiga kelele kwenye tambarare

Kinyume chake. Kwa mwendo wa kilomita 70 tu injini inalia kama inaomba gia nyingine, na hakuna nyingine. Mara nyingi chanzo ni bodi. Chasisi iliagizwa kwa limuzini nzito ya watu saba, difu ikapangwa fupi, kisha limuzini ikaoza au ikatupwa na mtu akaweka bodi nyepesi ya wazi. Gari limekonda lakini difu bado inabeba yule mtu mnene. Tazama pia tairi ndogo, kama nilivyosema.

Magari madogo ya nyumba hiyohiyo yana hali hii kwa asili. Rolls-Royce 20/25 ilitoka na difu ya pinieni ya meno 11 kwa kraunwili ya 50, yaani 4.55. Kwa tairi lake, mwendo wa kilomita 80 unaidai injini mizunguko 2,500 hivi kwa dakika. Si ugonjwa, ndivyo lilivyozaliwa, maana halikutegemewa kukimbia kwenye barabara kuu za leo. Wenye kulitembeza mbali huongeza ovadraivu (gia ya ziada ya spidi) nyuma ya giaboksi, na kwa maoni yangu hilo ni bora kuliko kubadili difu: topu ya asili inabaki kwa ajili ya kupanda, na ya ziada inapatikana tambarare.

Wazo hilo la difu mbili ndani ya gari moja ni la zamani. Cadillac ya modeli ya 1914 ilikuwa na ekseli yenye viwango viwili, 3.66 na 2.5, dereva akichagua kwa swichi ya umeme. Ilikuwa akili kubwa, ila mwaka uliofuata kampuni ikaja na injini ya V8 na ekseli hiyo ikaachwa. Ukikutana na Cadillac ya mwaka huo inayolia kupita kiasi au kukosa mvuto kabisa, anzia kwenye swichi na mkono wake wa kubadilisha kabla ya kudhani injini imechoka. Huenda imekwama kwenye kiwango kimoja.

Difu yenyewe inalia

Sikiliza inalia lini. Ikilia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, meno yanagusana vibaya upande wa kusukuma. Ikilia unapoachia tu, ni upande wa pili. Ikivuma muda wote na sauti ikipanda na mwendo, shuku beringi. Na ikigonga mara moja unapoachia klachi, pengo la meno limepanuka au viungo vya shafti vimelegea.

Difu iliyobadilishwa uwiano na kuanza kulia ina sababu moja inayojirudia: mtu alibadili pinieni akaacha kraunwili. Vitu hivi viwili husagwa pamoja tangu kiwandani. Ni jozi. Hata kama meno yanaingia, hayajazoeana. Paka rangi ya bluu ya kupimia kwenye meno machache, zungusha kwa mkono ukiwa umebana kidogo, uone alama ilipokaa. Inatakiwa iwe katikati ya jino. Ikikimbilia ncha au mizizi, shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) zinahitaji kupangwa upya.

Watengenezaji Lanchester na Daimler walifuata njia nyingine, difu ya nyoka: skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ni kimya ajabu. Kwa hiyo ikianza kulia, usisubiri. Fungua boliti ya chini, pokea matone machache ya oili kiganjani, yasugue kati ya dole gumba na kidole cha shahada kwenye jua. Ukiona vumbi la dhahabu linalometameta, hiyo ni shaba inayokwenda. Swali la kwanza ni oili gani iliwekwa. Baadhi ya oili za difu za kisasa zina kemikali za salfa zinazoila shaba. Phantom II kwa upande wake ina meno ya haipoidi, aina ya meno yaliyopinda yanayosuguana kwa kuteleza zaidi. Fuata oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, usikisie kwa mazoea ya lori.

Breki zinanuka kuungua kwenye mteremko

Hili nalisema kwa uzito. Difu ndefu haizuii gari linaposhuka. Silver Ghost za kabla ya mwisho wa 1923 hazina breki za mbele. Ukibadili difu kutoka ya 14 hadi ya 16, umepunguza nguvu ya injini ya kulizuia gari la tani mbili na zaidi, na umeziachia breki za nyuma kazi yote. Shuka kwa gia uliyopandia, na uiingize ukiwa juu kabla mteremko haujaanza, maana katikati ya mteremko giaboksi isiyo na sinkro inaweza kukukatalia.

Ukiamua kubadili

Kwanza tafuta kumbukumbu ya gari. Kadi za chasisi za Rolls-Royce zimehifadhiwa na klabu ya wapenzi wa magari hayo, Rolls-Royce Enthusiasts' Club, kwenye jengo la Hunt House kijijini Paulerspury, Uingereza, na mara nyingi zinaonyesha gari liliagizwa kwa nchi gani na kwa difu gani. Ukiona lilikuja na ya 15 na sasa ni ya 16, hujui tu kilichobadilika, unajua pia nini cha kurudisha.

Badilisha jozi nzima, kagua nusu shafti na vifunga vyake kama una difu fupi zaidi, kwa sababu mvuto unaoongezeka unapita hapo. Mita ya spidi nayo: kama inaendeshwa kutoka kwenye giaboksi itadanganya kuanzia siku hiyo, kama inaendeshwa kutoka gurudumu la mbele itabaki sahihi. Kisha chagua kilima kimoja unachokijua, watu walewale, tangi nusu, mkono wa cheche mahali palepale, uandike muda na joto la maji kabla na baada.

Jozi ya zamani isafishe, ipake grisi, ifunge pamoja kwa waya, uining'inize kibati chenye namba ya chasisi. Mwenye gari atakayekuja baada yako naye atapima raundi 26, na atataka kujua meno ya mwanzo yalikwenda wapi.